Bwana Mdogo hatulii! Riyali 80, Kariakoo na jioni za Forodhani

Msomaji wangu, ninazo picha 41 nilizopiga jioni moja pale Forodhani, Unguja. Zote nilimlenga mtu mmoja tu, mpwa wangu wa miaka minne, ambaye humu nitamwita Bwana Mdogo kwa sababu hata nyumbani ndilo jina lake. Katika hizo 41 yumo kwenye 9. Mbili ni kisogo, moja ni kandambili ikiwa hewani, na sita zilizobaki ana sura ya mzuka aliyepita dirishani. Nyingine zote ni nyasi, benchi, na bibi mmoja wa watu anakula urojo wake hana habari.

Ingekuwa mambo yangu ningezifuta nikacheka. Ila picha zile zilikuwa na mwenyewe. Dada yangu, mama yake Bwana Mdogo, yuko Muscat kwa kazi za ndani, mkataba wa miaka miwili. Alimwacha mtoto kwa Mama pale Mwembetanga akiwa na maneno ya kuhesabu. Sasa anabishana na mwenye duka kuhusu chenji. Kila wiki tunamtumia picha za simu, na zote ni zilezile: mtoto kasimamishwa ukutani, mikono imebana mapaja, macho kayatoa kama anasubiri sindano. Juzi dada akatuma ujumbe wa sauti. Hakulia, dada si mtu wa kulialia. Alisema tu, "Mdogo wangu, huyu mnayenitumia simjui. Nitumie akiwa anakimbia."

Ndipo nikaazima kamera kwa jamaa yangu wa Magomeni, nikapanda boti.

Kwa wasiopajua, Forodhani ni ile bustani ya ufukweni Mji Mkongwe. Mbele bahari, nyuma Ngome Kongwe na Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883 na ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020. Bustani yenyewe ilitengenezwa upya na taasisi ya Aga Khan, ikafunguliwa tena mwaka 2009. Watalii wanaijua kwa pweza na pizza za kukaangwa. Sisi wengine tunaijua kwa upepo, na kwa kupeleka watoto wakachoke kabla ya kulala. Jioni vijana wa mjini wanajipanga, wanakuja mbio na kujirusha baharini kutoka ukutani, mmoja kichwa chini, mwingine kajikunja kama embe, wageni wanapiga makofi. Wadogo kama Bwana Mdogo hawaruhusiwi kuruka, kwa hiyo wanaruka nchi kavu. Anamwona kaka mkubwa anajirusha, naye anazunguka benchi mara tatu, anapita chini ya meza ya mtu, anarudi, kapotea.

Na mimi nyuma na kamera. Nabonyeza. Kamera inafikiri. Inavuta lenzi mbele, inarudisha nyuma, inalia "pii", halafu ndiyo inapiga. Wakati huo mwenye sura yake yuko kwa muuza miwa.

Hesabu yake nimeifanya baadaye, haihitaji digrii. Mtoto wa umri ule akikimbia mita 3 kwa sekunde, na kamera ikachelewa nusu sekunde tu baada ya wewe kubonyeza, ameshaondoka mita moja na nusu. Picha inatoka vizuri kabisa, ila ni ya mahali alipokuwa. Hilo ndilo gonjwa la kwanza. La pili ni ule ukungu wa mzuka. Ndani ya kamera kuna kipazia kinachofunguka na kufunga ili mwanga uingie. Kikikaa wazi sehemu moja ya 60 ya sekunde, Bwana Mdogo anasogea sentimita 5 huku picha inaendelea kuingia, ndiyo maana pua inakuwa mkia. Kikifunguka sehemu moja ya 500 tu, anasogea milimita 6. Hapo angalau unamjua ni mtoto wa nani.

Utasema, si utumie simu? Mchana wa jua kali simu inajitahidi sana, sikatai. Jioni ndiyo inakuchezea. Simu nyingi za sasa, mwanga ukipungua, zinachukua picha kadhaa upesi upesi na kuziunganisha kuwa moja. Kwa jumba la Sultani hiyo ni safi, jumba halina mbio. Kwa mtoto unapata mikono minne.

Niliporudi Dar nikamweleza dada ukweli. Kesho yake ikaingia meseji ya pesa: riyali 80 za Omani alizozikata kwenye mshahara wake. Nilikaa chini, msomaji. Mwanamke anafua nguo za watoto wa watu huko, analipia kuona wa kwake akikimbia. Nikasema pesa hii sitaichezea.

Kariakoo, mitaa ya Aggrey na jirani zake, ni simu, simu, simu. Kamera ndogo ya mfukoni siku hizi unaiulizia kama unaulizia redio kaseti. Simu ndizo zilizoiua, halafu vijana wa mitandaoni wakaifufua majuzi kwa kupenda zile picha zenye flashi za zamani, wauzaji nao wakapandisha bei, si unajua mjini. Nilizunguka mpaka soli ikalalamika, nikaingia ghorofani kwenye kijiduka cha vitu vilivyotumika. Muuzaji, kijana rika langu, akanitolea moja nene ina domo refu.

"Braza, hii zumu mara 30. Unampiga mtu yuko Kigamboni."

Nikamwambia bosi wangu, mtu wangu hayuko Kigamboni, yuko hapa miguuni na hatulii. Akaniangalia kama nimemtukana.

Hapa ndipo wengi tunapoliwa. Zumu ndefu inavyosogeza picha ndivyo mara nyingi tundu la lenzi linavyozidi kubana mwanga. Mwanga ukipungua, kamera inakiacha kipazia wazi muda mrefu zaidi, na mzuka unarudi. Kwa watoto unatafuta tundu kubwa, na tundu linaandikwa mbele ya lenzi kwa namba ya f, ambapo namba ndogo ndiyo tundu kubwa. Aliyebuni hesabu hiyo sijui alikuwa na ugomvi na nani. Lenzi ya f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara nne ya ile ya f/3.5. Jua likishazama, mara nne hiyo ndiyo mtoto wako.

Jambo la pili ni sensa, na si ile ya kuhesabu watu. Ni kile kibati cha ndani kinachopokea mwanga. Kamera nyingi ndogo za bei poa zina kibati cha upana wa milimita 6 hivi kwa urefu usiofika 5. Zile bora kidogo zina kinachoitwa cha inchi moja, ingawa ukikipima ni milimita 13.2 kwa 8.8, eneo lake kama mara nne ya kile kingine. Kikubwa kinavumilia giza. Kidogo kinajaza picha chenga kama televisheni ya antena ya waya. Megapikseli nilizitupa nje ya mazungumzo. Mzuka wa megapikseli 20 ni mzuka tu, umezidi kuonekana.

Zilibaki mbili mezani. Panasonic Lumix LX7 ya mwaka 2012, lenzi yake inaanzia f/1.4 na hata ukivuta zumu mpaka mwisho inabaki f/2.3, hiyo ni raha tupu, ila kibati chake ni kidogo kuliko cha mwenzake. Na Sony RX100 ya kwanza, ya mwaka huohuo, kibati cha inchi moja, f/1.8 ukiwa hujavuta zumu. Ukiivuta yote inashuka mpaka f/4.9, kwa hiyo pale zumu yako ni miguu yako. Ile ya kwanza haikuwa na chaja, na kusaka chaja yake mjini ni kazi ya wiki. Hii ya pili inachajiwa na ule waya mdogo wa simu za zamani, ambao kila nyumba upo kwenye droo.

Sikulipa kwanza. Nikamwomba nisimame nayo mlangoni. Chini barabarani kuna mikokoteni, kuna wabeba mizigo, kuna dada mmoja anavuka mbio na ndoo ya vitumbua. Kariakoo hakuna aliyetulia, huwezi kupata mahali pazuri zaidi pa kuijaribu kamera ya mtoto. Nikapiga mkokoteni ukikatiza: gurudumu moja, kuli mzima, jasho lake unaliona. Nikaiwasha na kuizima mara kumi, nikasikiliza lenzi kama inasaga mchanga, nikapiga karatasi nyeupe kuona kama kuna madoa, nikaangalia betri inavyoshuka. Muuzaji akachoka na mimi. Alianza na laki saba, tukaachana kwenye laki nne na tisini, kadi ya kumbukumbu nikaitoa mfukoni mwangu. Mwili wake ni laini na hauna pa kushikia, basi nikaifunga kamba ya mkononi kabla sijashuka ngazi.

Wiki iliyofuata nikarudi Unguja. (Unguja nako kuna Kariakoo, usichanganye, ile ina bembea za watoto. Bwana Mdogo anaamini mjomba wake anafanya kazi kwenye bembea, na sijamsahihisha.) Mama alitupokea na sharti. Mwezi uliopita mtoto alianguka barazani, goti likachanika, likashonwa. "Dada yako asijue," Mama akasema. "Yuko mbali, atakosa usingizi bure." Nikasema sawa Mama, kwani picha itapigwa goti?

Saa kumi na moja jioni tukawa Forodhani. Nikaweka kasi ya kipazia kwenye sehemu moja ya 500, nikaiachia kamera ipange mengine. Naye kama kawaida, viatu mbali, mbio. Ile kamera inaweza kufyatua picha 10 kwa sekunde, nikajiona mfalme. Nikamwita aje kwangu, akaja mbio kicheko juu, nikashikilia kitufe. Kuangalia: ya kwanza kali kama wembe, ya pili sawa, kuanzia ya nne ukungu. Kumbe kwa kasi ile kamera inapima umbali kwenye picha ya kwanza tu, kisha inaushikilia uleule, na mtoto anazidi kukaribia. Mtu hakwambii hayo dukani.

Basi nikabadili. Nikakaa chini kwenye nyasi, macho yangu yawe sawa na yake. Ukimpiga umesimama unapata nywele. Nikachagua benchi analopenda kuzunguka, nikabonyeza kitufe nusu mpaka kamera ikalikamata lile benchi, kidole nikakiacha hapohapo. Sikumfukuza tena. Bwana Mdogo hatulii, lakini njia zake ni zilezile, kama daladala. Akipita mbele ya benchi kwa ubavu, umbali haubadiliki, namalizia kubonyeza na kamera haina cha kufikiri. Tatu za kwanza nilichelewa mimi. Ya nne nikampata miguu yote miwili iko hewani.

Watoto wengine wakaja. "Na mimi nipige! Na mimi!" Kabla hujamgeuzia kamera mtoto wa mtu, mtafute mzazi wake umuulize; nilimwomba mama mmoja, akakubali, akataka nakala. Jua likaingia baharini, dunia ikawa ya rangi ya chungwa, wale warukaji wakabaki vivuli. Bado mwanga ulitosha kwa dakika kadhaa, kamera ikapandisha ISO mpaka 1600, chenga zikaanza, chache tu, za kuvumilika. Taa za wauza vyakula zilipowashwa nikazima. Flashi ingemgandisha, kweli, lakini inafika mita chache tu, nyuma yake kunakuwa giza la kaburi, na dada hakuomba mtoto wa kwenye kaburi.

Nyumbani Mama akazipitia picha akiwa na miwani yake ya kusomea. Yeye ana picha moja ya usichana wake, ya studio, kasimama wima kama nguzo. Enzi zile ulikuwa unakwenda studio kama ile ya Capital Art ya Mji Mkongwe, aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, unavaa, unaambiwa usipepese. Alipofika kwenye ya miguu hewani akanyamaza. Mtoto kafungua mdomo wote, meno ya mbele, mate kidogo kidevuni, shati limepanda tumbo linaonekana, nyuma yake ngalawa imekaa kama imechorwa. "Huyu ndiye," akasema.

Nikamtumia dada hiyo moja kwanza. Ikakaa bila jibu mpaka saa tatu usiku, huko Muscat saa nne, ndiyo wakati anapomaliza vyombo. Ikaja sauti yake. Mwanzo kicheko, kirefu, halafu kimya, halafu anasema maneno yake kama ninavyomjua.

"Mdogo wangu, nimeikuza. Hilo goti limefanya nini?"

Mama akaniangalia mimi. Mimi nikaiangalia kamera.