Sikumwambia

Binti yangu alizaliwa na kasoro nne ndani ya moyo mmoja, ugonjwa uitwao tetralojia ya Fallot, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeueleza mwaka 1888. Akicheza kidogo midomo inageuka bluu, anachuchumaa kutafuta pumzi. Alipasuliwa India akiwa na miaka miwili, enzi hizo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete haijaanzishwa Dar es Salaam. Tuliporudi alikuwa anakimbia. Nilimshukuru Mungu, nikaifungia ripoti ya upasuaji sandukuni, na kliniki nikaacha kumpeleka.

Sikukosa kwa kutojua. Karatasi iliagiza achunguzwe maisha yake yote, nami niliisoma. Niliogopa shuleni wasije wakamwita mgonjwa, na baadaye wachumba wasije wakamkimbia. Ndugu niliwaomba wanyamaze. Kovu la kifuani nikamwambia lilitokana na kuanguka utotoni, akaamini.

Upasuaji ule huziba tundu na kupanua njia ya damu iendayo mapafuni, lakini mara nyingi vali ya njia hiyo hubaki inavuja. Kila pigo damu kidogo inarudi nyuma, na upande wa kulia wa moyo unatanuka polepole, miaka nenda miaka rudi, mwenyewe hasikii kitu. Mapigo huweza kuja kuvurugika mtu akiwa ameshakuwa mtu mzima. Ujauzito nao huongeza damu mwilini kwa karibu nusu, na moyo wa namna hiyo unaweza kuelemewa.

Binti yangu aliposhika mimba, kliniki ya wajawazito walimuuliza kama amewahi kuugua moyo. Alijibu hajawahi. Hakudanganya, uongo ulikuwa wangu. Mimba ilipofika miezi saba miguu ilivimba, akawa halali ila ameketi. Ndipo nilipofungua sanduku, nikampelekea daktari karatasi zilizokwisha kuwa za manjano. Alijifungua salama, na sasa anasubiri kuwekewa vali mpya. "Mama, kwa nini hukuniambia?" aliniuliza. Jibu la kumtosha sijalipata.

Wazazi wenzangu, wapeni watoto wenu karatasi zao. Mtoto akikua ajue jina la kasoro yake na upasuaji aliofanyiwa, na aende kliniki ya moyo hata kama anajiona mzima. Nawaomba msingoje augue.