Ampia Mia za Uongo

Shule niliiaga na cheti cha kidato cha nne. Riwaya naiandika usiku, mchana natafuta ugali kwenye karakana ya mtu Gerezani. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usishangae nikikuletea habari za rezista katika kurasa za hadithi.

Kupima mkondo kwa rezista ni mambo ya darasani: unaupitisha kwenye rezista ndogo, unapima volti, unagawa kwa ukinzani. Kanuni ya Ohm ya mwaka 1827, basi. Kwa betri na taa haina ubishi. Mkondo ukiwa wa kasi, lo, hapo ndipo penye shughuli! Kila waya, hata miguu ya rezista, huzungukwa na sumaku, na mkondo ukipanda ghafla sumaku hiyo inazua volti zake yenyewe. Wataalamu huiita indaktansi.

Kijana mmoja mchomelea mageti alituletea mashine yake. Transista zilikuwa zinaungua kila zikibadilishwa. Bosi akafunga rezista ya 0.01 om, osiloskopu ikaonyesha volti 1.3. Akagawa: ampia 130!

"Transfoma imekufa hiyo. Mwambie alete hela ya nyingine."

Hela yenyewe ilikaribia nusu ya bei ya mashine, na kijana hana kazi nyingine mjini.

Mie nikakodolea macho kile kioo. Volti zilichomoza mkondo ulipoanza tu kupanda, zikaanguka ulipotulia, zikabaki 0.3. Nikapiga hesabu nyuma ya karatasi ya riwaya (sura ya nne, haijakamilika hadi leo): ampia 30 zinazopanda kwa nanosekunde 300, kwenye miguu yenye nanohenri 10, huzaa volti 1 nzima ya sumaku tupu.

"Bosi, subiri kwanza."

Maabara kubwa wana rezista za mirija, mmoja ndani ya mwingine. Mkondo unakwenda kwa huu na kurudi kwa ule, sumaku zinauana. Sisi tulikuwa na rezista bapa za 0.1 om, zisizo na miguu. Nikazilehemu kumi sambamba, nikasokota waya mbili za kupimia na kuzishika palepale kwenye rezista. Ampia thelathini na kitu.

Transfoma nzima. Mwuaji alikuwa kapasita ndogo iliyokauka kwenye kibao cha kuwashia transista. Kijana alilipa ufundi na kapasita, akapakia mashine yake kwenye bodaboda. Bosi hakunisemesha mpaka jioni.