Rangi ya Waya Si Ushahidi

Kuna sentensi moja nimeichoka hapa Kombani: "Chukua ule mwekundu, ndio moto." Inasemwa na kijana ameshika kisu, kichwa kiko chini ya usukani, na gari si yake. Dakika tano baadaye waya ushachunwa, tepu nyeusi ishazungushwa, mita mpya ya RPM inawaka kwa dashibodi na kila mtu anapiga picha. Hakuna aliyepima chochote.

Acha niseme wazi: rangi ya waya si ushahidi. Ni uvumi.

Sina ubaya na mita zenyewe. Probox na Vitz nyingi tunazopanda zilitoka Japani bila mita ya RPM, hasa zile za daraja la chini. Na ukitoka hapa njia panda kupanda Kwale, una gia za mkono na abiria wamejaa, kujua injini inazunguka mara ngapi kwa dakika si urembo. Unajua lini ubadilishe gia kabla injini haijaanza kulia. Wengine wanaiweka kwa sababu inapendeza usiku, sawa pia. Shida yangu ni vile inavyofungwa.

Mita nyingi za dukani zina nyaya nne: mwekundu wa moto, mweusi wa athi, mweupe wa taa, wa kijani wa kusoma injini. Sasa elewa, hizo rangi ni za aliyetengeneza mita. Aliyetengeneza gari hakuulizwa. Na hata kama rangi za gari ungekuwa nazo kwa karatasi, gari yenyewe ishapita mikono mingapi? Mmoja alifunga redio, mwingine alamu, mwingine taa za ziada, na kila mmoja alitumia kipande cha waya alichokuwa nacho.

Kupima si uchawi. Chukua multimita ya kawaida, iweke kwa volti 20 za DC, ncha nyeusi iguse chuma kisafi cha bodi. Usitumie ile taa ya kupimia ya balbu, maana inavuta umeme mwingi na ukiigusisha waya wa kompyuta ya injini unaweza kuiunguza. Na ukiona nyaya zimevikwa ganda la njano, toa mkono. Kwa kawaida hizo ni za mifuko ya hewa, ile inayofura gari ikigonga. Hapo tu ndo rangi naiheshimu, tena kwa kukaa mbali.

Kwenye swichi ya ufunguo utapata moto wa aina tatu. Waya unaosoma volti 12 hata ufunguo ukiwa mfukoni ni wa betri moja kwa moja. Ukiutumia, mita itakunywa betri usiku kucha. Waya unaopata moto ufunguo ukiwa ACC, halafu unakufa stata ikizunguka, ni wa redio na vitu kama hivyo. Ule unaopata moto ufunguo ukiwa ON na kubaki na moto hata stata ikizunguka, ingawa volti zinashuka kidogo, ndio unaoutafuta. Mtihani ni pale kwa stata, na watu wengi hawafiki hapo. Ukishaupata, weka fyuzi ndogo kama mwongozo wa mita unavyosema. Waya bila fyuzi ukichunika na kugusa chuma, unakuwa kiberiti.

Waya wa kijani ndio wenye kesi. Gari za zamani zenye koili moja na distributa, unauunga upande wa hasi wa koili. Gari kama Probox ya injini ya 1NZ haina hicho kitu. Ina koili nne, moja juu ya kila plagi, na kila koili ina nyaya nne: moto, athi, amri kutoka kwa kompyuta, na jibu la kurudi kwa kompyuta. Amri ni ya koili moja moja, kwa hivyo inakuja mara moja kwa kila mizunguko miwili ya injini. Jibu linaunganisha koili zote nne. Na amri yenyewe ni ya volti 5 hivi, sio 12. Mita isiyokubali umeme mdogo hivyo haitasoma vizuri hata ukiilazimisha.

Ushahidi wake ni hesabu. Injini ya silinda nne inatoa cheche mbili kwa kila mzunguko. Ikinguruma kwa 750, multimita yenye kipimo cha hezi isome 25 hivi kwenye waya wa pamoja, na ukikanyaga mafuta namba ipande. Ukipata kama 6, umeshika koili moja tu. Na ile swichi ya nyuma ya mita iweke 4. Ukiiacha kwa 8, mita itakuambia 2,000 wakati injini iko 4,000.

Kwa nini nalia na hili? Mjomba wangu analisha watu sita kwa Probox. Fundi mmoja alimfungia mita kwa kubahatisha rangi, akauchuna ule waya wa jibu na kuusokota na tepu. Wiki mbili baadaye, kwenye mlima wa kwenda Kwale, maungio yakalegea na waya ukiwa uchi ukagusa bodi. Kompyuta isipopata jibu la cheche, inakata mafuta. Injini ikazima na abiria ndani, lori nyuma yao. Dereva wa lori alikuwa macho, shukuru Mungu. Mjomba alikaa siku nne bila kazi, na nyumba nzima ilizihesabu hizo siku.

Yule fundi si mjinga. Anajua injini kuliko mimi. Lakini sisi wateja tunamlipa kwa kufunga, hatumlipi kwa kupima. Akichukua saa nzima na multimita tunamwita mwizi wa muda, akimaliza kwa dakika tano tunamwita mkali. Tumemfundisha wenyewe kubahatisha.

Basi bei ibadilike. Kubali kulipia saa ya kupima. Kama gari yako inaongea na kifaa cha OBD, soma RPM hapo kwa simu na usikate waya wowote. Na kama lazima ukate, kabla kisu hakijagusa, muulize fundi swali moja kwa heshima: "Umepima, ama umeona rangi tu?" Akikasirika, funga boneti, muage vizuri, utafute mwingine.