Maji Nayo Hupimwa

Ndugu msomaji, usione vyaelea, vimeundwa. Ukipita nyuma ya nyumba nyingi huku kwetu Nakuru utaona magunia yaliyojazwa udongo, na sukuma wiki na spinachi zimechomoza pande zote kama vazi la kijani. Wapita njia husema, "Kilimo cha gunia ni rahisi bwana, ni kumwagilia tu!" Naam, ni kumwagilia. Lakini kumwagilia maji gani? Hilo ndilo swali lililonitia kalamu mkononi.

Kwetu magunia haya si pambo. Siku mboga zikikosekana nyuma ya nyumba, lazima shilingi itoke iende kibandani, na shilingi hiyo hiyo ndiyo nauli yangu ya kurudi shuleni. Basi mwaka jana majani machanga ya spinachi na nyanya yalipoanza kugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, nyumba nzima iliingiwa na baridi. Ndugu yangu mdogo alidai ni wadudu. Jirani akasema ni jicho la hasidi. Mama, ambaye kwa kawaida hakosi jibu, alinyamaza kimya. Hatimaye akasema atang'oa kila kitu na magunia ayatie makaa.

Mimi nilishuku maji. Maji yetu hutoka katika kisima kilichochimbwa kwa mashine. Maji ya chini ya ardhi katika Bonde la Ufa hupita kwenye miamba ya volkeno, na mahali pengi huchukua bikaboneti ya sodiamu pamoja na floraidi, ile ile inayotia meno rangi ya kahawia. Maji ya namna hiyo huwa upande wa besi. Udongo ukinyweshwa hayo kila siku, nao hufuata mkondo huo. Hapo madini ya chuma, hata kama yamo tele ndani ya gunia, hujifunga na mizizi haiwezi kuyanyonya. Mmea hufa njaa mezani, chakula kikiwa mbele yake! Dalili ya kwanza ndiyo hiyo ya majani machanga kuwa manjano.

"Mama," nilimwambia, "tafadhali usiyang'oe kwanza. Nipe wiki moja niyapime maji."

"Maji ni maji tu, mwanangu," alijibu. Lakini wiki nilipewa.

Wenzangu mtakumbuka kwamba mizani ya pH huanzia 0 hadi 14. Saba ndiyo katikati, chini yake ni asidi na juu yake ni besi. Aliyeibuni ni Søren Sørensen mwaka wa 1909, akiwa katika maabara ya Carlsberg kule Copenhagen, nchini Denmaki. Maabara hayo yalikuwa ya kiwanda cha pombe! Jambo ambalo wengi husahau ni kwamba kila hatua moja ya mizani hii ni mara kumi. Maji ya pH 8 yana ubesi mara kumi kuliko ya pH 7, na ya 9 ni mara mia. Kwa hiyo anayesema "tofauti ni moja tu" hajui asemalo. Mboga nyingi za nyumbani hupendelea udongo wa kati ya 6 na 7.

Mjomba wangu alikuwa amenunua kipima pH cha mkononi, chenye umbo la kalamu nene. Alikichovya ndani ya ndoo, nacho kikasoma 6.8. "Mmeona?" alisema kwa furaha. "Maji yako sawa kabisa. Hii mashine haidanganyi, nimeilipia pesa mingi."

Mimi nami nilikuwa na karatasi tatu za kupimia alizonipa mwalimu wetu wa Kemia. Si litimasi, kwa maana litimasi hukuambia asidi au besi basi, haikupi namba. Hizi huwa na rangi nyingi za kulinganisha. Nilizisoma nje mchana, kwa sababu mwanga wa taa hugeuza rangi. Zote tatu zilikaribia 8.

Sasa ni kasheshe. Mashine yasema 6.8, karatasi yasema 8. Nani aaminiwe? Mbele ya mama, kumpinga mjomba si mchezo. Nikasema kwa unyenyekevu, "Mjomba, kwa heshima, hebu tuipime mashine yenyewe kabla ya kupima maji."

Ndani ya boksi lake kulikuwa na pakiti ndogo za unga, bado hazijafunguliwa. Kila pakiti iliandikwa namba: 4.01, 6.86 na 9.18. Unga huo ukikorogwa katika mililita 250 za maji yaliyokenekwa, hutoa mchanganyiko ambao pH yake inajulikana. Maji hayo huuzwa kwa ajili ya betri za magari. Lakini jihadhari, ni maji ya betri, si asidi ya betri! Tulichovya kipima katika mchanganyiko wa 6.86. Kikasoma 5.5. Njia ya mwongo ni fupi! Mjomba alicheka mpaka akashika kiuno.

Tulikirekebisha kwa 6.86, tukakisuuza, kisha kwa 9.18, kwa kuwa maji yetu yalielekea upande huo. Tulipokirudisha katika maji ya kisima kilisoma 8.2. Karatasi na mashine wakapatana.

Kutokana na hayo, wapendwa wasomaji, nawapa mawaidha machache. Mosi, rekebisheni kipima kabla ya kukiamini, na mrudie mara kwa mara. Pili, suuzeni ncha yake kila baada ya kupima, wala msiisugue. Tatu, msikihifadhi ndani ya maji yaliyokenekwa, kwani huharibu ncha hiyo. Tumieni maji maalum ya kuhifadhia. Nne, haraka haraka haina baraka, ngojeni namba itulie. Tano, pimeni maji yale hasa mnayomwagilia. Maji yakitoka kisimani huwa na gesi ya kaboni dioksaidi, na yakikaa wazi katika pipa gesi hiyo hutoroka na pH hupanda. Mwisho, maji ya mvua husumbua karatasi na mashine kwa sababu yana chumvi kidogo mno. Yapeni muda zaidi.

Na spinachi je? Mama aliacha kumwaga majivu ya jikoni kwenye magunia, maana majivu nayo huongeza ubesi. Mjomba alifunga mfereji wa bati chini ya paa, na mvua za vuli zilipokuja tukajaza mapipa mawili. Maji ya mvua huwa na asidi kidogo, pH ya karibu 5.6, na hayana ile bikaboneti. Tukaongeza samadi iliyooza vizuri. Majani yaliyokuwa manjano hayakupona, lakini yaliyochipuka baadaye yalitoka kijani kibichi, na makaa yakatafutiwa magunia mengine.

Siku hizi mama akisikia jirani akilaumu jicho la hasidi, humwuliza kwanza, "Maji umeyapima?" Nami huongeza, "Na kipima je, umekipima?" Kikulacho ki nguoni mwako, ndugu msomaji, na pengine kimo ndani ya ndoo yako.