Nishani hiyo kaeni nayo!

Msomaji wangu, kuna watu wana msimamo jamani. Mwenzio kila siku nasaka japo cheti kimoja cha kutundika ukutani, kumbe kule Iran kuna mwanamuziki, Hossein Alizadeh, mwaka 2014 Wafaransa walitaka kumvika nishani yao kubwa, ile ya Légion d'honneur. Unajua alifanya nini? Akashukuru, akaikataa! Akasema mapenzi ya watu wake yanamtosha.

Najua mtasema huyo kashiba. Ngojeni kwanza.

Mzee huyu, mzaliwa wa Tehran mwaka 1951, ni mtunzi na mpigaji wa tar na setar. Tar ina tumbo la mti wa mforsadi, limechongwa kama namba nane na kuwambwa ngozi ya mwanakondoo, utadhani ngoma imezaa gitaa. Nyuzi sita, zinakaa mbili mbili. Setar ndiyo ndogo, inapigwa kwa ukucha wa kidole cha shahada. Jina lake maana yake nyuzi tatu, ila siku hizi zipo nne (Waajemi na hesabu zao!).

Sasa, televisheni ya serikali ya huko kwa miaka chungu nzima muziki unasikika, ila vyombo havionyeshwi. Tar inalia, wewe unatazama maua. Hebu fikiri, unatoa maisha yako yote kwa kitu ambacho hata sura yake inafichwa! Na bado mwaka 1983, vita na Iraq imepamba moto, akatunga Neynava, filimbi ya mwanzi ikilia katikati ya kundi zima la fidla. Usiisikilize usiku ukiwa peke yako, utakumbuka marehemu wako wote. Na tetemeko lilipoua watu zaidi ya 26,000 kule Bam mwaka 2003, yeye na wenzake, akiwamo mwimbaji Mohammad-Reza Shajarian, walipiga onyesho Tehran kuwachangia walionusurika.

Mtu kama huyo Paris imwongezee nini? Mimi namwelewa kabisa.

Juzi nikamsimulia rafiki yangu mpiga gitaa, ambaye bendi yake inalipwa soda na nauli. Akasikiliza mpaka mwisho, akakuna kichwa.

"Safi sana," akasema. "Ila angeichukua tu, akaniletea mimi. Kodi yangu inaisha Ijumaa."