Tutoe Hesabu kwa Nani?

Sisi walimu wa dini tumezoea kuandika watu. Aliyebatizwa tunamwandika, aliyefunga ndoa tunamwandika, aliyekufa tunamwandika pamoja na siku ya maziko yake. Mapadri Weupe waliofika Mpala mwaka 1885 walituachia desturi hiyo, na hata leo Padri akifika kigangoni huuliza kwanza vitabu. Basi ni jambo la kustaajabisha kwamba sisi tunaoandika haya, wenye mkono uliozoea kitabu, tuliandika uwongo juu ya maji ya kunywa, tena tukatia mkono wetu chini yake. Habari hiyo tunataka kuwaeleza, maana wengi wenu mtachaguliwa kuwa makarani wa komiti kama tulivyochaguliwa sisi.

Kijiji chetu kiko upande wa Nyunzu, mkoa wa Tanganyika. Tangu mwaka 2013 Watwa na Waluba walianza kuuana. Vita ikalala, ikaamka tena mwaka 2016, na kufika mwaka 2017 watu zaidi ya nusu milioni katika mkoa huu walikuwa wamekimbia makwao. Sababu zake ni za zamani. Mtwa alilima shamba la mwingine kutwa nzima, jioni akapewa kikombe cha unga wa muhogo. Hakuketi kwenye mkeka mmoja na wengine. Neno lake halikusikilizwa kwa chifu. Mwezi wa pili mwaka 2017 wakubwa wa pande zote mbili walikutana Kalemie, na baadaye mabaraza ya amani yakawekwa vijijini, Watwa na Waluba waketi pamoja na kusema yao. Ndipo zikafika kazi zile zinazoitwa za kutuliza nchi: barabara, masoko, shule, visima. Watu wakichota maji mahali pamoja, walisema, hawatarushiana mishale. Nasi tuliamini hivyo, na bado tunaamini, ila tumejifunza kwamba kisima chaweza pia kuleta ugomvi mahali ulipokuwa umelala.

Mwaka 2018 shirika moja lilikuja kwetu. Jina lake hatulitaji, wala si kwa woga. Kosa kubwa la habari hii ni letu. Mkutano ulifanyika chini ya mwembe, watu wakachagua komiti ya watu tisa, na Watwa wawili ndani yake. Sisi tulipewa ukarani kwa sababu tulipita seminari miaka sita na tunajua kuandika Kifaransa. Mapatano yalikuwa pampu mbili za mkono: moja karibu na kanisa, ya pili ng'ambo ya kijito, kwenye makao ya Watwa. Ya kwanza ilitoa maji siku ya tatu. Ya pili, mashine ilipiga jiwe siku mbili, ikapiga jiwe siku ya tatu. Mafundi wakasema mafuta yanakwisha na gari linangojewa kwingine. Chifu akasema, «Basi, ichimbwe hapa sokoni. Watwa nao huja sokoni.» Wale Watwa wawili wa komiti walinyamaza. Sisi tukaandika katika daftari: komiti imekubali kwa sauti moja.

Kunyamaza si kukubali. Nani ajuaye hayo kuliko mwalimu wa dini? Siku ya ndoa Padri hapokei kichwa kinachoinama tu, anataka asikie sauti ya bibi arusi. Lakini siku ile tulikuwa na haraka, na gari lilikuwa linanguruma.

Shirika lilikuwa limepigilia ukutani mwa ofisi ya chifu sanduku la rangi ya buluu, la kutiliwa malalamiko. Kufuli lake lilikuwa zuri sana. Ufunguo ulikaa Kalemie. Tena sanduku lilitaka barua, na ng'ambo ya kijito aliyejua kuandika alikuwa mtoto mmoja wa darasa la nne. Na lilikaa mbele ya macho ya chifu, ambaye ndiye aliyehamisha pampu. Lilipofunguliwa baada ya mwaka, ndani mlikuwa na kiota cha manyigu na karatasi moja. Karatasi ile ilikuwa yetu wenyewe. Tuliitumbukiza siku ya sherehe ili kuwaonyesha watu namna ya kufanya.

Kabla mwaka haujaisha alikuja kijana wa shirika, mtu mpole, amechoka, bado ana vijiji vingine vingi vya kupita kabla ya Jumamosi. Alikuwa na karatasi ya maswali. Je, pampu mbili zinafanya kazi? Ndiyo. Je, Watwa na Waluba wote wanazitumia? Hapo tulisita. Tulijua kwamba Watwa wanaendelea kunywa maji ya kijito, kwa maana pale sokoni waliambiwa wangoje mpaka wengine wote wamejaza vyombo vyao, na jua linapanda. Lakini tulijua pia, au tulidhani kujua, kwamba kijiji chenye alama mbaya hakitapewa shule. Tuliandika Ndiyo. Je, watu wameridhika? Ndiyo. Tukatia mkono, tukapiga muhuri.

Pampu ya sokoni ilikufa baada ya miezi 11. Mpira mdogo wa ndani ulikuwa umekwisha, kitu cha kushika mkononi. Watu wote wakarudia pampu ya kanisa, foleni ikawa ndefu, na asubuhi moja kijana wa Kitwa akapigwa kichwani kwa bidoni. Jioni ile mishale ilitolewa majumbani. Kama wazee wa baraza hawangelala njiani, kwenye daraja la miti, usiku kucha, hatujui ni majina mangapi tungeandika kesho yake katika kitabu cha wafu. Kulipokucha mama mmoja wa Kitwa alitujia mlangoni. Hakupiga kelele. Alisema, «Mwalimu, wanasema mkono wako uliandika kwamba sisi tunakunywa. Mbona koo zetu hazina habari?»

Hatukuwa na jibu, na tangu siku ile swali lake ndilo tunaloliita hesabu.

Msidhani kwamba haya ni ya kijiji chetu peke yake. Mwaka 2009 Serikali ya nchi yetu ilianzisha mpango mkubwa wa kutuliza mashariki, unaoitwa STAREC, na mataifa mengine yakausaidia. Mwanzoni feza nyingi ziliingia katika barabara na majengo ya polisi na ya mahakama. Majengo mengine yalisimama mazuri bila watu wa kutosha wa kuyafanyia kazi, na vita haikuogopa saruji. Mwaka 2013 njia ya msaada ule ilitengenezwa upya, na mazungumzo ya wenyeji yakawekwa mbele. Na hata askari wa Umoja wa Mataifa walioangalia hayo walitoka mkoani mwetu katikati ya mwaka 2022. Tuliobaki ni sisi na madaftari yetu.

Kuna mfano mwingine, nasi tunaupenda zaidi. Toka mwaka 2007, kwa feza za Uingereza, kazi iliyoitwa Tuungane ilipita katika vijiji vya Kivu ya Kusini, Maniema na Katanga ya zamani, hata Tanganyika. Watu walichagua komiti kwa kura, wakapewa mafundisho na feza, na wengi walichagua kutengeneza madarasa ya shule. Wataalamu wa chuo kikuu cha Columbia, huko Marekani, walitaka kujua kama mafundisho yale yanawabadili wakubwa. Basi vijiji vilipigiwa kura, vingine viingie, vingine vingoje. Baadaye vijiji zaidi ya 400, vya upande huu na upande huu, vilipewa dola 1,000 kila kimoja, bila masharti mengi, na wataalamu wakatazama feza zinakwenda wapi. Mwaka 2012 walitoa majibu yao wazi: katika namna ya kutunza feza za watu, hawakuona tofauti kati ya waliofundishwa na wasiofundishwa.

Rafiki yetu mmoja, mwalimu wa shule, aliposikia hayo alicheka akasema, «Feza zote zile, kumbe bure!» Sisi hatukucheka. Watu walitumia miaka, wakaona kazi haikufika walipotaka, nao wakayachapa hayo kwa majina yao ili wa nyuma wasipite njia ile ile wakiwa vipofu. Ni karani gani wa komiti, huku kwetu, aliyepata kuandika katika taarifa yake: tulishindwa, na sababu ndiyo hii? Kila taarifa inasema watu wameridhika. Shirika likisoma taarifa za namna hiyo, mwaka unaofuata litachimba vilevile, sokoni, mbele ya chifu. Twawezaje kulilaumu kwamba halijifunzi, na sisi ndio waliolificha somo?

Wengine wanatuambia, «Feza ni za Wazungu, hesabu nayo ni yao.» Hapana. Zile franka 500 za kila nyumba kila mwezi, za kutunza pampu, zilitoka mifukoni mwetu. Na hata zile za mbali ziliombwa kwa jina la yule mama wa Kitwa. Katika Kanisa letu neno hili si geni: sheria za Kanisa za mwaka 1983, namba 1287, zinawataka wasimamizi watoe hesabu kwa waamini juu ya mali waliyoitoa waamini, na kila parokia iwe na baraza lake la uchumi. Mtakatifu Paulo naye, alipokusanya sadaka kwa ajili ya maskini wa Yeruzalemu, hakukubali kuzibeba peke yake. Alifuatana na ndugu waliochaguliwa na makanisa, asije mtu akamshuku. Mtume yule alijua mdomo wa watu.

Lakini mahali panapotugusa zaidi ni Matendo ya Mitume, sura ya 6. Wajane wa wakristu wenye kusema Kigiriki walikuwa wanasahauliwa katika ugawaji wa kila siku, na manung'uniko yakatokea. Mitume hawakuwaita wachochezi. Waliita mkutano, wakaomba wachaguliwe watu saba. Sasa someni majina ya wale saba: Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao, yote ni majina ya Kigiriki. Kazi ilipewa, kama inavyoonekana, watu wa upande ule ule uliolalamika. Tulifundisha sura hiyo miaka minane bila kuliona jambo hilo. Mama yule ndiye aliyetufumbua macho.

Basi tulifanyaje? Kwanza tulisema mbele ya baraza kwamba tuliandika uwongo. Ilikuwa siku ngumu, na chifu hakutusalimu mpaka Pasaka. Kisha tuliomba hesabu ya franka za pampu isomwe mbele ya wote, ng'ambo ya kijito, si ofisini. Kwa kuwa wengi hawasomi, tulileta mahindi: punje moja ni franka 500. Daftari lilisema nyumba 34 zimelipa miezi 11 bila kukosa hata mwezi mmoja. Hapo tu tungalipaswa kushtuka. Ni kijiji gani hulipa hivyo? Tulimwaga mkekani punje 374. Mtunza feza alikuwa na franka 61,000, yaani punje 122. Tukaondoa 140 za safari ya fundi na grisi. Watoto walihesabu zilizobaki kwa sauti: 112. Mtunza feza, mtu mzima, jasho likamtoka. Kumbe nyumba kadhaa hazikuwa zimelipa, za wajane na za ndugu zake, naye aliziandika kwa huruma na kwa haya. Tuliita nyumba moja moja, tukaondoa punje 41. Zilibaki 71, na mpaka leo hazina maelezo. Ziko ndani ya kopo, juu ya meza ya baraza, na kila mkutano zinatazamwa. Mpira wa pampu ulinunuliwa Kalemie kwa zile zilizokuwapo.

Tuliandikia pia shirika, kusahihisha yale tuliyoyatia mkono. Alijibu mtumishi mwingine, kwa adabu, kwamba kazi ile imefungwa na taarifa yake haiwezi kubadilishwa. Nakala ya barua yetu tuliigandisha katika daftari, ukurasa unaotazamana na ule wa uwongo.

Sanduku la buluu nalo tulilihamisha. Sasa liko kwenye daraja la miti, katikati, na lina makufuli matatu. Ufunguo mmoja uko kwa yule mama, mmoja kwa mzee wa baraza, mmoja kwa mwalimu wa shule. Sisi hatuna. Hufunguliwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya sala. Mwezi uliopita ndani mlikuwa na barua mbili juu ya zamu za kuchota, na jiwe moja. Watu walidhani ni mchezo wa watoto. Mama akasema, «Asiyejua kuandika ameandika. Aitwe.» Jumapili iliyofuata mzee mmoja wa Kitwa alikuja, akasema jiwe ni lake, alitaka kujua pampu ya ng'ambo itakuja lini. Tuliandika jina lake na swali lake. Mahali pa jibu tuliandika: hatujui, tutauliza Kalemie kabla ya mvua. Akaomba asomewe, tukamsomea mara mbili, akachukua jiwe lake akaenda.