Gatwekera, mahali pasta hufunzwa na jirani

UKISHUKA matatu katika kituo cha Olympic na kuivuka reli iendayo Kisumu, njia huanza kuteremka huku mabati yakikuzingira kulia na kushoto. Hapo ndipo Gatwekera, mojawapo ya vijiji vya Kibera. Jina lina lafudhi ya Kikuyu, lakini lugha utakayoisikia zaidi vichochoroni ni Kijaluo. Siku za kazi mgeni huongozwa na harufu ya mandazi na samaki wa kukaanga. Jumapili huongozwa na ngoma.

Naam, makanisa hapa ni mengi mno. Wafuasi wa Legio Maria, dhehebu lililojitenga na Kanisa Katoliki huko Nyanza mwanzoni mwa miaka ya 1960 chini ya Simeo Ondeto, hupita wakiwa na kanzu zao za rangi na rozari shingoni. Hatua chache mbele kuna kanisa la wokovu lenye kinanda, na la tatu limeegemea hilo, bati kwa bati. Ardhi ni ya serikali tangu wanajeshi Wanubi walipopewa msitu huu na wakoloni, na ingawa Wanubi walikabidhiwa hati ya ekari 288 mwaka 2017, wapangaji wa Gatwekera hawana karatasi yoyote. Ndiyo sababu kanisa hujengwa kwa kitu kinachoweza kung'olewa na kuhamishwa.

Niliyekwenda kumwona ni pasta kijana, fundi wa kuchomelea vyuma siku za juma. Aliniomba nisimtaje jina kwa sababu, alivyosema, wenye nyumba pia husoma magazeti. Alianza na waumini saba, watatu kati yao wakiwa mkewe na wanawe, katika darasa analolikodi Jumapili pekee.

Alipotoka chuo cha Biblia alidhani kazi ni kuhubiri. Akaweka vipaza sauti viwili mlangoni. Jumapili ya tatu, baada ya ibada, aliona mchungaji mzee wa kanisa lililo karibu na mto akimjia, akajua ni ugomvi. Kumbe mzee alikuja kumwambia avigeuze vipaza sauti vitazame ndani. Nyuma ya bati lile alikuwa amelala bawabu aliyekesha kazini usiku kucha. Mwache alale, mzee alimwambia, naye ndiye atakayekutetea siku mwenye nyumba atakapotaka kukufukuza.

Tangu hapo kijana huketi na wachungaji wenzake kila Jumatatu katika kibanda cha chai. Madhehebu yao hayapatani kuhusu ubatizo wala kuhusu wanawake kuhubiri, na hawajaribu kupatana. Huzungumzia kodi. Walimfunza kwamba sadaka ihesabiwe na akina mama wawili kabla hajaigusa, na kwamba sadaka ya M-Pesa isiingie katika simu yake. Walimweleza pia jinsi ya kumwendea Msajili wa Vyama. Hilo halijawahi kuwa jambo jepesi: serikali ilipotunga kanuni za kuwataka wahubiri wawe na vyeti vya theolojia, kelele zilikuwa nyingi hata Rais Uhuru Kenyatta akaamuru, mapema 2016, zijadiliwe upya.

Halafu ikaja Shakahola, kule Kilifi, ambako zaidi ya miili 400 ilifukuliwa kuanzia mwaka 2023. Majirani, pasta asema, walianza kumwangalia kwa jicho jingine: kanisa dogo, mhubiri asiyejulikana. Mzee alimshauri aache mlango wazi wakati wote wa ibada, na asimruhusu mtu yeyote kufunga bila jamaa zake kujua. Mimi naona ushauri huo una uzito kuliko kanuni nyingi nilizowahi kusoma.

Lakini somo kubwa lilikuja na msiba. Mmoja wa waumini wake saba alifiwa na mtoto, na mwili ulihitaji kusafirishwa Siaya. Kanisa halikuwa hata na nauli ya pasta. Wale wa kibanda cha chai walifika matangani usiku baada ya usiku, kila mmoja na watu wake na bakuli la mchango, hadi gari likapatikana. Hapa, nilielezwa, hakuna aulizaye ulihubiri nini, bali ulikuwa wapi wakati wa matanga.

Sasa kuna tatizo. Tangu mazishi hayo, familia mbili za kanisa la mzee zimeanza kuja kwa kijana. Ni watu kumi na mmoja, wengi kuliko wote alioanza nao, na sadaka yao ndiyo inayolipa darasa. Kanuni ya kibanda cha chai ni kwamba anayempokea muumini wa mwenzake humwendea mwenyewe kumwambia, kabla hajaambiwa na wengine.

Nilimsindikiza Jumamosi jioni, kilo ya sukari mkononi mwake, tukiruka mitaro hadi karibu na mto. Mzee alikuwa mlangoni akipigilia bati lililolegea.

"Shikamoo, Mzee," kijana alisema. "Nina neno."

"Nalijua," mzee akajibu bila kugeuka. "Shika bati hili kwanza."